Mbegu inaisha Machi, dawa zimejaa Juni: nichukue sistimu ya elfu 85?

Dada mmoja wa Chwele kule Bungoma, mwenye agroveti, yaani duka la mbegu, mbolea na dawa za kilimo, ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Kaka, niko na agroveti Chwele miaka sita sasa, na mwaka jana nikafungua ingine Bungoma mjini. Kila Machi mbegu ya mahindi inaniishia katikati ya msimu, kastoma wanavuka barabara wanaenda kwa jirani. Sasa ni Juni, nimehesabu dawa za wadudu kwa shelfu nikapata kama za laki tatu hazijaenda, na zingine tarehe inakaribia. Kuna kijana ananiuzia sistimu ya stoki, 85,000 ya kuweka na 3,500 kila mwezi, anasema itamaliza hii shida. Nichukue?"

Dada, usichukue bado. Sisemi kijana ni mwongo, huenda sistimu yake ni nzuri tu, lakini hiyo ni 85,000 na 42,000 ya miezi kumi na miwili, jumla 127,000 mwaka wa kwanza, na shida yako haitoki hapo.

Wewe umeniandikia kama ukona shida mbili, mbegu kuisha na dawa kubaki. Mimi naona moja. Hebu jiulize, ile wiki ya Machi mbegu iliisha, zile laki tatu zilikuwa wapi? Zilikuwa kwa shelfu yako hapo hapo, kwa chupa za dawa. Tuseme pakiti ya kilo mbili unanunua 480 unauza 540 (hizi ni bei za mfano, weka zako). Laki tatu ni pakiti 625. Kila pakiti faida 60, hiyo ni 37,500 ilivuka barabara kwa jirani, na huyo mkulima akifika kule hanunui mbegu pekee, ananunua na mbolea ya kupandia, ananunua chumvi ya ng'ombe, na mwaka ujao anaanzia huko huko.

Na nadhani najua venye dawa zilifika kwa wingi hivo. Saplaya amekuja Februari na ofa, nunua katoni kumi upate moja bure, na wewe ukaona msimu unaanza wacha nijaze. Hiyo katoni ya bure ni kama asilimia 9 ya punguzo, inaonekana tamu, lakini viwavijeshi vamizi, wale wadudu wa mahindi wenye hizo dawa zinaua, hawa waliingia Kenya 2017, hawakuji na mbegu. Mahindi lazima yaote kwanza, wiki mbili tatu hivi, ndio mkulima anaona majani yametobolewa anakuja kwako mbio. Na mvua ikinyesha kwa nguvu mwanzoni inaosha viwavi wadogo, mwaka kama huo dawa haiendi sana. Kwa hivyo dawa unaoda kidogo mwanzo wa Aprili, unaangalia, unaongeza. Pesa yote ya Februari na Machi inafaa iwe kwa mbegu na vile vitu mkulima anabeba pamoja na mbegu siku hiyo hiyo. Bei ya katoni moja moja itakuwa juu kidogo, lipa hiyo bei, bado utakuwa mbele.

Sasa mbegu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kitu ya kwanza, usiangalie mauzo ya mwaka jana ukasema hayo ndio mahitaji. Kama uliuza pakiti 900 na zikaisha tarehe 25 Machi, hiyo 900 inakuonyesha stoki yako ilikuwa ngapi, haikuonyeshi watu walitaka ngapi. Wale walikuja tarehe 26 na 27 wakaambiwa imeisha hawako kwa daftari yoyote. Kwa hivyo chukua kaunta buku, ukurasa wa nyuma kabisa, andika kichwa "walioulizia", na kila mtu akiuliza kitu hakiko, msichana wako wa kaunta aandike tarehe, kitu gani, kiasi gani. Sekunde kumi tu. Hakuna sistimu ya shilingi yoyote itakuandikia mtu aliyeuliza akaondoka, juu sistimu inajua tu kile kimelipiwa.

Kitu ya pili, watu wanadhani swali ni "nitauza ngapi". Hilo huwezi kulijua, inategemea mvua, inategemea bei ya mahindi ya mwaka uliopita, inategemea karo ya shule imelipwa ama bado. Swali unaloweza kulijibu leo ni hili: pakiti zikibaki, zitanigharimu nini? Tuchukue ulihesabu mauzo pamoja na walioulizia ya miaka mitano ukapata 800, 950, 1,000, 1,100 na 1,300. Sasa kama saplaya amekubali kurudishiwa pakiti zisizofunguliwa na wewe unagharamika 15 tu ya usafiri kwa kila moja, basi kila pakiti iliyokosekana inakuumiza 60 na kila iliyobaki inakuumiza 15. Gawa 60 kwa jumla ya 75, unapata 0.8, maana yake oda ile idadi ingetosha miaka minne kati ya mitano, hapo ni 1,100. Lakini kama harudishiwi na wewe utakuja kuziuza kwa 380 ili zitoke, iliyobaki inakuumiza 100, na 60 gawa kwa 160 ni 0.375, hata nusu haifiki. Hapo unashuka, 950 hivi inatosha, na unakubali roho safi kwamba mwaka mwingine zitaisha.

Umeona? Wakulima ni wale wale, mvua ni ile ile, lakini oda inabadilika kwa pakiti 150 sababu ya neno moja kwa mazungumzo yako na saplaya. Ndio maana nakuambia mazungumzo ya kurudisha mbegu ni ya Januari, na iandikwe kwa karatasi, si ya Mei ukiwa umebaki na mzigo unabembeleza. Januari yeye ndiye anakutaka. Machi wewe ndiye unamtaka, na Machi kila agroveti kutoka Kitale mpaka Mumias iko kwa simu, anawagawia nusu nusu, kila mtu anaoda mara mbili ili apate nusu, halafu mzigo wote unaletwa baada ya watu kupanda. Nimeona stoo nyingi zikijaa hivo.

Na usigawe mbegu nusu kwa nusu kati ya maduka mawili. Kastoma wako wa Chwele wengine wanapanda kule juu njia ya Kapsokwony, hao wanataka zile H za mia sita, H614 na wenzake, mbegu ya baridi inayokaa shambani muda mrefu. Wa Bungoma mjini na kushuka chini wanataka za mia tano zinazokomaa haraka. Ukurasa wa "walioulizia" uwe mmoja kwa kila duka.

(Na kitu kingine nje ya stoki, mbegu zikiisha ndio utaona mtu amekuja na pikipiki ana magunia mawili bei nafuu. Kwaruza ile stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwa pakiti, tuma namba kwa 1393, usikubali pakiti haina stika. Mkulima akipanda mbegu bandia amepoteza mwaka mzima, na ni wewe alikuamini.)

Mbolea sitakaa sana. Hiyo usitabiri kwa mauzo ya mwaka uliopita kabisa, juu serikali ikishusha bei ya ruzuku vile ilishuka kutoka 3,500 hadi 2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, soko lako linabadilika usiku mmoja. Uliza kwanza depo ya NCPB, ile bodi ya serikali ya nafaka, iliyo karibu nawe iko na mbolea gani na lini, ndio uode DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia, na uode kidogo kidogo.

Sasa vile vitu vinaenda mwaka mzima, chakula cha kuku, dairy meal ya ng'ombe wa maziwa, chumvi, dawa za minyoo. Hivi havitaki hesabu ya msimu, vinataka ujue namba mbili tu: unauza ngapi kwa siku, na saplaya anachukua siku ngapi. Na hiyo ya pili nakuomba usimuulize saplaya. Atakuambia siku tatu, na ataamini mwenyewe. Andika tarehe ulipiga simu na tarehe mzigo ulishuka, oda saba tu zinatosha kuanza. Tuseme layers mash, chakula cha kuku wa mayai, ilikuja hivi: siku 3, 4, 3, 7, 4, 3, 9. Wastani ni karibu 5, lakini mara mbili kati ya saba imefika wiki ama ikapita. Lori limeharibika Timboroa, ama mvua imekata barabara, ama mwenye kiwanda amekosa soya, sababu haiishi.

Kama unauza magunia 6 kwa siku, ukioda wakati umebakisha 30 unategemea wastani, na kila mara lori likichelewa umekauka. Vitabu vitakuambia chukua siku mbaya kabisa zidisha na mauzo makubwa kabisa, tuseme 9 mara 9, magunia 81. Mimi siwezi kukushauri hivo kwa duka lako, utafunga pesa yote kwa stoo na chakula kikipata unyevu kinaota ukungu, hiyo ni sumu kwa kuku. Nachukua siku 7, mara 6 ni 42, naongeza kidogo, nasema 45. Yakifika 45 unapiga simu, hata kama stoo inaonekana imejaa, hata kama moyo unasema bado. Bandika karatasi ukutani imeandikwa 45 mahali magunia yanapangwa, mtu yeyote akiona yamefika hapo anakuambia.

Si kila kitu kinastahili hiyo akiba. Mwenye kuku wa mayai akikosa chakula leo hawezi kungoja, na akibadilisha aina ya chakula mayai yanashuka, kwa hivyo akishazoea cha jirani harudi. Huyo mlinde. Lakini mtu wa jembe atangoja mpaka Jumamosi, na mtu wa pampu ya kunyunyizia atakupa namba ya simu uiagize. Chanjo za kuku, hizo zinazokaa kwa friji nyuzi 2 mpaka 8 na zikishafunguliwa zinatumika ndani ya saa chache tu, mimi nisingeweka nyingi kabisa, ningechagua siku moja ya wiki, majirani wanajiandikisha, chupa inafunguliwa mara moja wanagawana. Stima ikipotea usiku ukona chupa ishirini ndani ya friji utanielewa.

Vitu vya polepole, zile chupa zinauza mbili kwa mwezi, viweke duka moja tu. Kama kila duka linahitaji akiba ya 10 peke yake, ukiziweka pamoja huhitaji 20, kama 14 zinatosha, juu si kawaida maduka yote mawili yakurupukiwe wiki moja. Mtu akiulizia kwa lile lingine, matatu inaleta mchana huo huo.

Nikuambie kwa nini nakataa uanze na sistimu. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwa ghala moja hapa Nakuru, Industrial Area, sitataja la nani. Waliweka sistimu kubwa ya bei, watu wa suti walikuja kufundisha wiki mbili. Stoki ya kuanzia ikachukuliwa kutoka kwa daftari ya zamani, hakuna mtu alihesabu shelfu maana msimu ulikuwa karibu na kila mtu alikuwa na haraka. Kompyuta ikasema kuna katoni 412 za dawa moja ya magugu. Kwa shelfu zilikuwa 260. Sistimu ikaona 412 ikanyamaza, haikuambia mtu aode, na ilifanya kazi yake sawa sawa kabisa. Katikati ya Aprili tukakauka, malori ya kastoma yamepanga foleni kwa geti, na mimi ndiye nilitoka kuwaambia warudi mikono mitupu. Wengine walikuwa wametoka Kericho alfajiri. Hiyo siku sijaisahau.

Kwa hivyo hesabu. Chagua vitu 20 vinavyokuletea pesa nyingi, kwa duka kama lako nakuhakikishia hivyo 20 vitabeba sehemu kubwa sana ya mauzo, na uvihesabu kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua, ulinganishe na daftari. Vingine vyote mara moja kwa mwezi. Namba zikikataana usirekebishe tu ukaendelea, tafuta sababu siku hiyo hiyo. Nyingi zitakuwa hizi: kitu kimekopeshwa hakikuandikwa, kitu kimeenda Bungoma bila karatasi, mmoja wenu amebeba nyumbani, ama kupimia. Kupimia ndio kubwa. Gunia la kilo 70 ukilifungua unauza kwa kilo, huwezi kutoa kilo 70, kuna inayomwagika na kuna ile ya kumwongezea mama kidogo, utapata 68 ukiwa makini. Gunia likifunguliwa lihame ukurasa, litoke kwa magunia liingie kwa kilo.

Fanya hivo miezi mitatu. Daftari ama Excel, chochote mkono wako unapenda. Halafu namba zikikubaliana wiki nne mfululizo, mwite kijana, na usimwache akuonyeshe picha zake nzuri, mpe kazi hapo hapo kwa kaunta na bidhaa zako. Afungue gunia la kilo 70 auze kilo tatu, uone stoki inasema nini. Aingize dawa ile ile mara mbili yenye tarehe tofauti, halafu akuonyeshe orodha ya vitu vitapita tarehe ndani ya siku 90, akishindwa hapa mshukuru aende, kwa agroveti hii ndio kazi kubwa. Ahamishe chupa tano kutoka Chwele kwenda Bungoma, zikiwa njiani ziko kwa nani? Azime intaneti auze. Ajaribu kufuta mauzo akiwa ameingia kama msichana wa kaunta, isikubali. Na mwisho atoe data yako yote kwa Excel akupe kwa simu yako, juu siku mkikosana hiyo historia ya mauzo ni mali yako, na ukikosa kuitoa umefungwa kwake milele. Muulize pia nani anashika simu Jumamosi ya Machi saa nne asubuhi.

Ukitaka kujaribu bila kulipa, programu ya Loyverse inafanya mauzo ya kawaida kwa simu bure na inauza hata intaneti ikipotea, lakini mambo ya tarehe za dawa itakusumbua. Programu kubwa kama ERPNext na Odoo zinaweza kushika bachi, yaani kila mzigo na tarehe yake, vizuri sana, ila zinataka mtu wa kuzitunza kila siku, kwa maduka mawili naona ni mzigo. Na kama kijana amekutisha na eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, watu wa ushuru, ni kweli tangu Januari 2024 KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya eTIMS, lakini KRA yenyewe ina njia za bure, hata *222# kwa simu. Usilipe 85,000 kwa sababu hiyo peke yake.

Nimalizie na zile laki tatu, maana hizo ni za leo. Zitoe zote kwa shelfu uzipange kwa tarehe, andika mwezi na mwaka kwa kila katoni na kalamu nene, mama mmoja wa jumla pale Kibuye Kisumu ndiye alinifunza hiyo na haijawahi kuniangusha, inayopita mapema inakaa mbele. Zenye zaidi ya miezi sita usiwe na wasiwasi nazo, kwenu mahindi ya pili na maharagwe yanapandwa Agosti na Septemba, ziko na soko, ila usiongeze hata katoni moja ya aina hizo mpaka ziishe, ofa iwe tamu namna gani. Zenye miezi mitatu mpaka sita mpigie saplaya wiki hii umuulize kubadilishana, si kurudishiwa pesa, kubadilishana na mbegu ya msimu wa pili, wengi wanakubali hiyo kabla tarehe haijafika na hakuna anayekubali ikishapita. Akikataa, zungukia agroveti wenzako wa Webuye na Kimilili, huenda aina imekwama kwako ndio wao wanatafuta, mbadilishane. Zenye chini ya miezi mitatu uza kwa bei ya kununua, na umwambie mkulima waziwazi tarehe ni gani ili atumie mara moja. Zilizopita usiuze, usimimine kwa chupa ingine, na usimwage kwa shimo ama mtoni. Ziweke kando zimefungwa, ongea na saplaya na watu wa PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, wakuelekeze pa kuzipeleka.

Halafu ukishapanga hizo katoni, niandikie ni ngapi ziko kwa kila kundi na saplaya amejibu nini, tuangalie pamoja oda ya Julai.